Mhariri, na wanaozuia muwataje

Ndugu Mhariri,

Nawasalimu kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Nimesoma makala yenu ya matukio makubwa ya futiboli ya Kimarekani na washindi wa tuzo zake, na kwanza kabisa nashukuru, maana gazeti la Kiswahili kuupa mchezo huu ukurasa mzima sio jambo la kila wiki, sisi tulioko huku tunasoma habari za Simba na Yanga na Gor Mahia kila kukicha ila mchezo ambao watoto wetu wanaucheza mashuleni tunaukuta kwenye magazeti ya nyumbani siku ya Super Bowl, ile fainali kuu, tu, mistari michache, basi mpaka mwakani.

Ila kuna kitu kimenikaa rohoni na nimeona nisikinyamazie. Kwenye orodha yenu yote kila jina ni la kotabeki, yule anayerusha mpira, au la mtu aliyeudaka, au aliyekimbia nao. Hamna hata mtu mmoja wa laini ya mbele. Hata mmoja! Wakati timu ikishambulia wachezaji 11 wanaingia uwanjani na watano kati yao, karibu nusu, kazi yao ni kuzuia tu, wanasimama mbele ya kotabeki wanapokea wale majitu wa timu pinzani wanaokuja kumwangusha, na kwa sheria za mchezo hawaruhusiwi hata kudaka pasi labda mmoja ajiripoti kwa refa kabla. Hao watano ndo nawaandikia.

Niseme wazi kwamba nina maslahi hapa. Mwanangu anacheza laini ya mbele shuleni kwake, jezi namba 72. Nimejifunza mchezo huu kwa kumwangalia yeye, na ukimwangalia mtu mmoja wa laini mechi nzima unaona mchezo mwingine kabisa na ule wa kwenye tivii. Anainama, mkono mmoja umegusa nyasi, vidole vimefungwa plasta kwa sababu vinanasa kwenye jezi za wenzake na kuteguka, mpira ukitoka tu anasukumana na mtu wa kilo 120 kwa sekunde tatu nne hivi, anaanguka, anaamka, anarudi kwenye mstari, anainama tena. Mara sitini kwa mechi. Mtangazaji wa uwanjani anataja jina la kotabeki, anataja aliyedaka, anataja aliyemwangusha aliyedaka. Namba ya mwanangu inatajwa akikosea tu, akimshika mtu jezi refa anatupa kile kitambaa cha njano, anawasha kipaza sauti, "namba 72, kushika, yadi 10," basi. Usiku mzima hiyo ndo mara pekee uwanja unasikia kwamba yupo.

Sasa tuje kwenye tuzo. Tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, ile ya shirika la habari la AP ambayo ndo kila mtu anaihesabu, tangu msimu wa 2013 mpaka ule wa 2024 aliochukua Josh Allen wa Buffalo imeenda kwa makotabeki tupu, misimu 12 mfululizo. Wa mwisho kabla yao ambaye hakuwa kotabeki ni Adrian Peterson wa hapa hapa kwetu Minnesota, msimu wa 2012, alikimbia yadi 2,097 mwaka mmoja tu baada ya kuumia vibaya goti. Kwa upande wa walinzi wameipata wawili tu katika historia yote, Alan Page 1971 na Lawrence Taylor wa New York Giants 1986. Hata mpiga mateke aliwahi kuipata, Mark Moseley wa Washington, msimu wa 1982 ule uliokatwa na mgomo wa wachezaji ukabaki na mechi 9, alipiga 20 kati ya 21 zikaingia. Mpiga mateke! Mtu wa laini ya mbele ya mashambulizi, hakuna. Haijawahi kutokea. Na MVP ya Super Bowl hali kadhalika, haijawahi kwenda kwa mtu wa laini hiyo.

Wenzangu wa soka mtanielewa haraka, ni kama Ballon d'Or na makipa, Lev Yashin aliipata 1963 na mpaka leo hajatokea kipa mwingine. Lakini angalau kipa watu wanamjua jina.

Najua kuna watakaosema kotabeki anagusa mpira karibu kila shambulizi kwa hiyo lazima awe na thamani kuliko wote, na mimi hilo silikatai, Josh Allen ni mchezaji wa ajabu na msimu wa 2024 alistahili tuzo yake. Ninachosema ni kwamba yale matukio makubwa mliyoyataja wenyewe, ukiyaangalia vizuri, mengi yametengenezwa na mtu ambaye hamkumtaja.

Chukueni ile mechi ya Green Bay ya tarehe 31 Desemba 1967, fainali ya NFL kati ya Packers na Dallas Cowboys, wanaiita Ice Bowl. Nyuzi joto 25 chini ya sifuri. Mimi nimeishi kwenye baridi ya huku, najua hali hiyo inavyofanya, unyevu wa puani unaganda ukivuta pumzi mara moja tu. Mfumo wa kupasha joto uwanja uligoma kwa hiyo nyasi zikawa barafu tupu, waamuzi ikabidi waache filimbi za chuma kwa sababu ziliganda midomoni na kung'oa ngozi, wakawa wanapiga kelele kwa mdomo. Zimebaki sekunde 16, Packers wako nyuma 17 kwa 14, mpira hauna hata yadi moja kufika mstari wa mwisho, muda wa kupumzika wameshaumaliza wote, wakikosea hapo mechi inaweza kuisha. Kotabeki Bart Starr anamwambia kocha Vince Lombardi kwamba atauchukua mwenyewe. Anapita na mpira, tachidauni, yaani bao, 21 kwa 17, ubingwa wa tatu mfululizo. Ninyi mmeandika "Bart Starr aliingia na kuipa timu yake ubingwa." Sawa. Aliingiaje? Mbele yake alikuwepo Jerry Kramer, mtu wa laini, akisaidiana na senta Ken Bowman wakamwinua na kumsukuma Jethro Pugh wa Dallas, na pale alipokuwa Pugh pakabaki wazi kwa nusu sekunde, Starr akapita hapo. Iangalieni ile picha maarufu: nyuma ya Starr yuko Chuck Mercein kanyanyua mikono juu, watu wengi wanadhani anashangilia bao, yeye mwenyewe amesema alikuwa anawaonyesha waamuzi kwamba hajamsukuma mwenzake. Na chini kabisa kwenye lile rundo ndo yuko Kramer.

Kramer aliacha mpira baada ya msimu wa 1968. NFL ilipotimiza miaka 50 alichaguliwa kwenye kikosi bora cha nusu karne, na bado mlango wa Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji kule Canton, Ohio, ukabaki umefungwa, mwaka hadi mwaka jina linafika mezani linarudi, wenzake wote wa kile kikosi cha kwanza wakaingia yeye akabaki nje peke yake. Aliingizwa 2018, babu wa miaka 82. Lombardi alishaingia, Starr alishaingia zamani sana. Mimi habari hii inaniuma kweli, kwa sababu ukisema ile ndo block, yaani kumzuia mtu, iliyo maarufu kuliko zote katika historia ya mchezo huu, na mwenye nayo anasubiri karibu miaka 50, hao wengine ambao block zao hazikupigwa picha itakuwaje?

Yupo aliyejaribu kuwalipa wenzake papo hapo. Desemba 16, 1973, uwanja wa Shea, New York, theluji inaanguka, O.J. Simpson wa Buffalo akawa mtu wa kwanza kupita yadi 2,000 kwa msimu mmoja, alimaliza na 2,003 kwa mechi 14. Najua jina hilo lina mambo yake mazito ya baadaye, kesi na kila kitu, na wala simsafishi mtu hapa. Ila siku ile waandishi walipomsubiri chumbani hakuja peke yake, alikuja na kikosi kizima cha mashambulizi, wale watu wa laini waliojulikana kama Electric Company, akawatambulisha mbele ya waandishi mmoja baada ya mwingine. Walikuwemo Reggie McKenzie na Joe DeLamielleure, ambaye ndo kwanza alikuwa mwaka wake wa kwanza kwenye ligi. MVP alichukua Simpson. Lakini ile dakika ya kuingia na wenzake mimi naiweka juu ya mbio zenyewe, na kwenye orodha yenu haimo.

Mwaka huo huo wa 1973, upande wa vyuo, tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, alichukua John Cappelletti wa Penn State, na hotuba yake mngeitafuta mkaiandika, maana alimpa ile tuzo mdogo wake Joey aliyekuwa mtoto wa miaka 11 anaumwa leukemia, ukumbi mzima ukalia. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa John Hicks wa Ohio State. Hicks alikuwa mtu wa laini. Heisman ilianza 1935 na hakuna mtu wa laini ya mbele aliyewahi kuichukua, waliofika karibu kabisa kama yeye waliishia nafasi ya pili. Ni kweli vyuo vina tuzo ya Outland kwa ajili ya watu hao, ipo tangu 1946, ila ulizeni washabiki kumi muone nani anajua mshindi wa mwaka jana.

Halafu kuna ile ya Februari 1, 2015, Super Bowl ya 49, Glendale, Arizona. Hii mmeiandika vizuri, nawapongeza. Seattle wako yadi moja tu na ubingwa, wana Marshawn Lynch mkimbiaji ambaye kumwangusha ni shughuli, badala ya kumpa mpira wanarusha, Malcolm Butler wa New England anatokea na kuunyakua, 28 kwa 24 mchezo umeisha. Butler hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya, alitoka chuo kidogo cha West Alabama. MVP alipewa Tom Brady, na Brady akalitoa lile gari la zawadi akampa Butler, jambo la kiungwana sana. Lakini rudieni video polepole. Mpango wa Seattle ulikuwa Jermaine Kearse amzibe Butler njia ili mwenzake Ricardo Lockette awe wazi. Kearse hakuenda popote, kwa sababu Brandon Browner alimpokea palepale kwenye mstari akamsimamisha kwa mikono miwili kifuani, njia ikabaki wazi, Butler akapita. Bila ile mikono ya Browner hakuna Butler, hakuna gari, na Brady anarudi nyumbani bila kombe. Browner sio mtu wa laini, ni beki, ila kazi aliyoifanya pale ndo ile ile ya kumzuia mtu ili mwenzio aonekane. Nimemwonyesha mwanangu ile video mpaka kaniambia, "Mama, basi, nimeelewa."

Sasa Alan Page. Huyu naomba mniruhusu nirefushe kidogo.

Page alikuwa wa laini ya ulinzi, Minnesota Vikings, na 1971 akawa mlinzi wa kwanza kabisa kuchukua MVP ya ligi. Alizaliwa Canton, Ohio, 1945, mji ule ule wa Hall of Fame, na akiwa kijana alifanya kazi kwenye ujenzi wa jengo lenyewe. Miaka 25 baada ya jengo kufunguliwa, 1988, akaingizwa humo. Kawaida mchezaji akiingizwa anamchagua kocha wake wa zamani amtambulishe jukwaani, Page alimchagua mwalimu mkuu wa sekondari moja ya Minneapolis, mama mmoja, na hotuba yake ikawa ya elimu kuliko ya mpira. Mwaka huo huo yeye na mkewe Diane wakaanzisha mfuko wa Page Education Foundation unaowasaidia ada ya chuo vijana weusi na wa jamii nyingine za wachache hapa Minnesota, na sharti lake ni kwamba ukipewa lazima na wewe utumie muda wako kuwasaidia watoto wadogo na masomo yao.

Na sheria aliisoma wakati bado anacheza! Mazoezi asubuhi, vitabu usiku, akapata shahada ya University of Minnesota 1978. Mwaka huo huo Vikings wakamwachia, alikuwa ameanza kukimbia mbio ndefu na uzito umeshuka, Chicago Bears wakamchukua akacheza mpaka 1981. Baadaye akagombea, akachaguliwa, na Januari 1993 akakaa kwenye Mahakama ya Juu ya Minnesota, mtu mweusi wa kwanza kukaa pale, mpaka 2015 alipofika miaka 70 ambapo sheria inamtaka jaji astaafu. 2018 akapewa nishani ya urais ya uhuru. Iko shule ya kati huku Minneapolis ambayo wanafunzi wenyewe walidai ibadilishwe jina, na tangu 2017 inaitwa Justice Page. Wapo watoto wanaongea Kiswahili nyumbani na kupita mitaa ile kila siku, na wazazi wao hawajui huyo Page ni nani, wanadhani ni jaji tu. Mngeandika aya mbili za huyu mtu zingesomwa huku mpaka kwenye vikundi vya WhatsApp vya akina mama wa msikitini na kanisani.

Vikings ya Page ilifika Super Bowl mara nne ikafungwa zote nne. Labda ndo maana orodha nyingi zinampita.

Kitu kingine, kwa wasomaji wenu wa nyumbani. Huu mchezo sio wa Wamarekani peke yao. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga, akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013 akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli, na akawa Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani kwenye NFL. Hakukaa sana lakini alifika. Jordan Mailata ni wa Australia, wazazi wake ni Wasamoa, naye alitoka raga bila kujua hata helmeti inavaliwaje, Philadelphia Eagles wakamchukua drafti ya 2018 raundi ya mwisho kabisa, ya saba. Wakamweka laini ya mbele, upande wa kushoto. Msimu wa 2024 Saquon Barkley wa Eagles alikimbia yadi 2,005, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashambulizi, Februari 9, 2025 wakawapiga Kansas City 40 kwa 22 kwenye Super Bowl, na MVP wa mechi akawa kotabeki Jalen Hurts. Waliomfungulia Barkley njia msimu ule ni Mailata, Landon Dickerson, Cam Jurgens, Mekhi Becton na Lane Johnson. Nimeyaandika yote matano makusudi, maana kwenye makala yenu Barkley yupo, Hurts yupo, na hao hawapo.

Wapo vijana wetu wengi huku ambao wanaanza mchezo huu wakiwa wamechelewa, wamefika Marekani na miaka 13, 14, kocha anaangalia mwili anasema wewe nenda laini. Kotabeki amefundishwa kurusha tangu ana miaka sita, baba yake kamlipia kambi za mazoezi kila kiangazi, mtoto wetu hawezi kumkuta. Kwa hiyo watoto wa Waswahili ukiwatafuta uwanjani hutawakuta na mpira mkononi, wameinama pale mbele. Ndo maana nasema gazeti la Kiswahili lina sababu ya kuwatazama watu hawa kuliko hata magazeti ya hapa.

Ombi langu sasa. Tuzo za msimu huwa zinatangazwa usiku mmoja, siku chache kabla ya Super Bowl. Mwakani mkiandika jina la MVP, na akiwa kotabeki kama kawaida hewala, apewe heshima yake, ila chini ya jina lake wekeni majina ya wale watano waliosimama mbele yake msimu mzima. Ni mstari mmoja tu wa gazeti. Majina yapo kwenye orodha ya kikosi ya kila mechi, na kama hamna mtu wa kuyafuatilia mimi niko tayari kuyakusanya na kuwatumia usiku ule ule.

Mama wa namba 72,
Brooklyn Park, Minnesota